Marahaba Iliyoninyima Kitanda cha Chini

Leo nimeliwa na panya.

Sikuumwa. Nimeliwa, nikaisha. Na panya mwenyewe si wa kutisha, ni panya aliyezaliwa dakika hiyohiyo, na mimi nilikuwa simba. Naandika mapema ili mkisikia kwa Nakato mjue kwamba nusu ameongeza. (Nusu nyingine ni kweli. Ndiyo maana naandika.)

Kwa wageni wa kundi hili: mimi ni Mwajuma, mtu wa Tanga, niko hapa Dubai. Kazi yangu ni chai. Ofisi moja kule Jumeirah Lakes Towers, ghorofa za juu, kila anayetaka chai, kahawa au maji ya moto yenye limau ananiita mimi. Naishi International City, kwenye fleti ya kuchangia, na chumba chetu kina vitanda viwili vya dabodeka. Kitanda cha kwanza, chini analala Bi Saumu, mama wa Unguja, fundi cherehani kule Satwa. Ndiye mkubwa wetu na neno lake ndilo la mwisho. Juu yake analala Njoki, Mkenya wa Nyahururu, mlinzi wa jengo. Kitanda cha pili, juu nalala mimi. Chini alikuwa akilala mwenzetu mmoja ambaye wiki hii kahamia Sharjah.

Mmeshaona ugomvi ulikotokea.

Ambaye hajalala dabodeka hawezi kujua. Ukikaa, kichwa kinagonga dari. Ukishuka, ngazi ni ya chuma, nyembamba, inakukata nyayo. Magoti yangu siku hizi yana maneno mengi, na kila nikishuka alfajiri kuswali yanaongea mpaka Bi Saumu anageuka kitandani. Lakini kubwa si magoti. Kubwa ni pazia. Kitanda cha chini unaweza kukizungushia pazia, ukapata chumba chako ndani ya chumba cha watu. Unabadilisha nguo bila kukimbilia msalani. Unaongea na mwanao kwenye simu, na ukitaka kulia unalia. Mimi tangu nije nchi hii sijawahi kuongea na binti yangu bila watu wengine kujua amepata ngapi kwenye hisabati. Nilikitaka kile kitanda. Sioni haya kusema, nilikitaka mno.

Njoki naye alikitaka. Anasimama mlangoni zamu nzima, miguu inavimba, viatu vinagoma kutoka. Nilimwonea huruma, kidogo. Huruma yangu haikufika kwenye kitanda.

Bi Saumu akasema tupige kura. Njoki akakataa, eti yeye tangu shule hana bahati ya kura. Mimi nikasema basi uangaliwe umri. Njoki akauliza kwani tunagawana kitanda au pensheni. Tukakaa tumenuniana, na kitanda kipo pale kitupu, godoro limekunjwa. Ndipo Nakato akaleta akili zake. Nakato ni Mganda, msusi, analala chumba cha pili lakini anashinda kwetu kwa sababu intaneti ya fleti inashika vizuri upande wetu. Akasema nyie wawili si kila siku mnawindana kwenye ule mchezo wenu wa simu? Basi windaneni. Atakayemla mwenzake ndiye alale chini.

Tukatazamana. Njoki akasema sawa. Mimi nikasema sawa haraka zaidi, maana nilijua nitashinda.

Mchezo wenyewe nieleze, najua humu kuna watu wazima wenye heshima zao.

Hupakui kitu. Unafungua tu kwenye intaneti, unaandika jina, unaingia porini. Watu wa dunia nzima wamo humo kwa wakati mmoja, huwajui, hawakujui. Wote mnaanza panya. Unaokota matunda, unakunywa maji, unanenepa, unapanda daraja: sungura, nguruwe, mbweha, pundamilia, duma, simba, na kuendelea mpaka joka linalotema moto. Mwenye ukingo wa kijani unamla. Mwenye ukingo mwekundu anakula wewe. Ukiliwa unarudi kuwa panya, unaanza upya. Ila mdogo naye hajaachwa hivihivi. Mkubwa akisimama, mdogo anaweza kumng'ata mkia, na aking'atwa mara tatu amekwisha, hata awe nani. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kule ni usisimame.

(Hatua ya nguruwe mimi huipita mbio, macho nimeyafumba nusu, nameza chochote mradi niwe mbweha. Siku moja Bi Saumu aliniuliza yule pundamilia namla vipi bila kumchinja. Nikamwambia Bi Saumu, naomba tusifike huko.)

Niliujua mchezo huu ofisini. Napeleka chai, nakuta watu na tai zao wameinamia simu, wanamkimbia kiboko. Nikauliza, nikaonyeshwa, nikanasa. Ninachokipenda ni kimoja. Mle ndani hakuna sir, hakuna madam, hakuna yalla, haraka, lete chai. Kuna anayekula na anayeliwa, basi. Juzi wakati wa mapumziko nilimla mtu mmoja pembeni ya ziwa, na papo hapo nikasikia bosi mmoja nyuma ya kioo anasonya na kutupa simu mezani. Nikaingia kumpelekea kahawa yake kwa upole mkubwa. Nilimwongezea biskuti.

Na ni mimi niliyemfundisha Njoki, nasema hivyo kwa uchungu. Nilimwonyesha pa kujificha, wapi maji ni salama, namna ya kuzunguka mtu asikuone. Akajua upesi kuliko nilivyopenda. Lakini ana haraka, hana subira ya kunenepa, na wenye haraka kule huliwa na mamba. Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi.

Kuhusu Njoki kuna jambo jingine mlijue, la salamu. Kwetu mtoto hufundishwa shikamoo akiwa bado anabebwa. Njoki nimemzidi umri, na si kwa kidogo. Lakini tangu tuanze kukaa chumba kimoja ananisalimu hivi: "Sasa." Mwanzoni nilikuwa nasubiri amalizie. Sasa nini? Sasa twende wapi? Kumbe ndiyo salamu yenyewe, imeisha. Nikamwambia kwa wema kwamba kwetu mtu wa umri wangu huamkiwa shikamoo. Akanijibu, "Dada, hiyo ilikuwa ya mtihani wa Kiswahili. Tulifanya, tukapita." Bi Saumu alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Mimi sikucheka. Lilinikaa kooni, na bado lipo.

Basi, leo. Jumapili, mimi niko mapumziko, Njoki naye kapewa siku yake, karudi kutoka kanisani amevaa gauni zuri. Bi Saumu kaacha cherehani. Nakato kaja na bakuli la bisi kama mtu anayeingia sinema.

Mnajua pazia nilikuwa nimeshalitundika? Bi Saumu alinishonea wiki hii, kitambaa cha maua ya zambarau, na jana jioni nikalipitisha kwenye kamba kuzunguka kile kitanda. Nikasema napima tu. Nikapima mpaka asubuhi. Na mchezo ulipoanza nilikwenda kukaa hapohapo, juu ya godoro la kitanda cha chini, pazia nimelifunga pembeni kwa utepe, chaja nimeshaichomeka kwenye soketi ya hapo. Mtu aliyekaa kwake.

Njoki akakaa kwenye kitanda cha Bi Saumu, kunielekea. Bi Saumu akakaa kwenye kiti cha plastiki katikati, refa. Akatangaza masharti. Kila mtu atazame simu yake. Nakato anaruhusiwa kutazama simu zote mbili lakini akifungua mdomo anatoka nje. Kuliwa na watu wengine hakuhesabiki, unaanza upya, mpaka mmoja wetu ammeze mwenzake. "Na mkishamalizana, khalasi," akasema. "Sitaki kusikia kitanda tena katika nyumba hii."

Mimi jina langu la mchezoni ni Mama wa Tanga. Njoki anajiita Jeshi ya Mtu Moja. (Nilishamwambia ni jeshi la mtu mmoja. Akasema jeshi ni yake.)

Tukaingia.

Nisijisifu, lakini leo nilikuwa moto. Niliokota matunda kama niliyetumwa. Usungura sikukaa nao. Unguruwe niliupita nikisoma istighfari. Mbweha, pundamilia, duma. Nikamla mtu mmoja mwenye jina la herufi za Kichina, nikamla mwingine aliyejiita mfalme, na huyo alinipa raha ya pekee. Kwa upande wa pili nasikia Njoki anaguna. Kaliwa na mamba. Anaanza upya. Kidogo tena, anapiga goti lake kwa kiganja. Kaliwa na fisi. Nakato kaziba mdomo kwa bisi asiseme.

Nikawa simba.

Simba ana sauti yake kwenye ule mchezo, unabonyeza ananguruma. Nilinguruma. Nilinguruma tena ili Bi Saumu asikie vizuri. Kisha nikaanza kumtafuta Njoki, polepole, bila haraka, ziwa hili, msitu ule.

Nikamkuta kwenye kona ya miamba. Panya. Kafufuka sasa hivi, hata tunda moja hajala. Ukingo wa kijani unawaka kumzunguka, na juu ya kichwa chake kidogo pameandikwa Jeshi ya Mtu Moja. Kushoto mwamba. Kulia mwamba. Nyuma mlima wa moto. Mbele mimi.

Nakato akaacha kutafuna.

"Mwajuma, mmalize," akasema Bi Saumu, ambaye ni refa na hakutakiwa kusema neno.

Ningemmaliza. Hatua moja tu ilibaki, na sasa hivi ningekuwa naandika haya nyuma ya maua ya zambarau. Lakini nilitaka kufaidi. Nikaanza kwenda huku na huku mbele yake, taratibu, kichwa juu, namwonyesha mwili. Nikasema kwa sauti kwamba Njoki asiwe na wasiwasi, nitamruhusu kukaa ukingoni mwa kitanda changu avue viatu akirudi kazini. Nikasema na mengine. (Nakato atawaambia mengine. Hapo hataongeza.)

Panya akatulia. Halafu juu ya kichwa chake likatokea puto la maneno, maana kule mnaweza kuandikiana.

"Shikamoo dada Mwajuma."

Jamani.

Niambieni nyie mngefanya nini. Mtu nimeishi naye wakati wote huo kwa Sasa na Niaje, leo hii, mbele ya mashahidi, kwa herufi zote, kaniamkia. Shikamoo huwezi kuiacha ikaning'inia. Ni kama mtoto amenyoosha mikono abebwe halafu umpite. Nimeitikia shikamoo nikiwa na homa. Nimeitikia nikiwa nimebeba ndoo kichwani, nimeitikia nikiwa msibani natokwa machozi. Mikono yangu haikuniuliza. Kidole gumba kikaacha kuendesha simba, kikafungua sehemu ya kuandikia, kikaanza kazi.

Na kama ningeandika marahaba peke yake naamini ningepona. Neno lenyewe fupi. Lakini mimi nimelelewa, ndugu zangu. Nikaandika:

"Marahaba mdogo wangu, hujambo? Za kanisani?"

Za kanisani! Mtu nakwenda kumtafuna, namuuliza habari za kanisani.

Simu yangu ukifungua herufi za kuandikia zinafunika nusu ya kioo, huoni simba wala mwitu. Nilichosikia ni Nakato anavuta pumzi. Kisha akavuta tena. Mimi natafuta alama ya kuuliza. Nikaipata, nikatuma, na kwa fahari kabisa nikaziondoa zile herufi nimtazame mdogo wangu anavyosoma jibu.

Kioo kilikuwa cheusi. Maandishi meupe katikati yanasema nimeliwa na Jeshi ya Mtu Moja. Nilipogeuka kutazama simu ya Njoki, nikaona pale kwenye miamba limebaki pande la nyama, na juu ya lile pande la nyama bado yananing'inia maneno yangu: Marahaba mdogo wangu, hujambo? Za kanisani?

Njoki akainua macho. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeulizwa swali la haki:

"Nzuri, dada."

Hapo chumba kililipuka. Nakato alianguka chini na bakuli lake, bisi zikaingia mpaka chini ya jokofu. Bi Saumu, mama mtu mzima, mwenye tasbihi mkononi, alicheka bila sauti, anatikisika tu, machozi yanamtoka, anajaribu kusema jina langu anaishia Mwa, Mwa. Hata mama mmoja mpishi wa chumba cha tatu ambaye hajui Kiswahili alikuja kuchungulia, Nakato akamweleza kwa ishara, simba, panya, mkia, na yeye akacheka. Nimechekwa na mtu ambaye hatuelewani lugha.

Nikasimama. Nikasema hilo halikubaliki. Nikasema shikamoo si silaha. Nikasema kuna mambo hayachezewi: mtu hawezi kukushika miguu kwa heshima huku anakung'ata mkia. Nikataka mchezo urudiwe. Njoki akasema yeye hajavunja kanuni yoyote, kanuni zilisemwa na refa, hakuna iliyokataza salamu. Tukamgeukia refa.

Refa akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mwanangu Mwajuma," akasema, "kuitikia umeitikia vyema, Mungu akulipe. Lakini umeliwa."

"Bi Saumu, nimeliwa kwa sababu ya adabu!"

"Ndo ivo. Umeliwa na adabu yako. Kitanda cha Njoki."

Sikulia. Nasema mapema kwa sababu Nakato atasema nililia. Niliingiwa na kitu jichoni wakati nafungua kamba ya pazia. Nilikuwa nimeshaifungua upande mmoja, Njoki akanigusa bega akasema pazia niliache tu, linapendeza. Fikirini. Nikaliacha. Nikachomoa chaja yangu. Nikachukua mto wangu (sawa, na mto nilikuwa nimeshauteremsha) nikaurusha juu.

Kisha ikabidi nipande.

Katika maisha yangu sijawahi kupanda ngazi ile mchana, watu wote wakiwa macho, wakinitazama. Goti la kushoto likalia. Pindo la dera likanasa kwenye skrubu. Nikabaki hapo, mguu mmoja juu, mmoja chini, siwezi kupanda siwezi kushuka, na aliyekuja kuninasua ni nani? Jeshi ya Mtu Moja. Alininasua, akanisukuma kidogo kwa nyuma, nikaingia kitandani kwa tumbo. Nikageukia ukuta. Nikajiambia sitashuka wala sitasema na mtu mpaka kesho nikienda kazini.

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana Nakato hapa ndipo atakapokatisha.

Nimelala nimegeukia ukuta, namsikia Bi Saumu anamwambia Njoki amletee maji ya kunywa. Kawaida kabisa. Njoki akauliza mbona yeye, na aliyekaa karibu na mlango ni Nakato. Bi Saumu akamjibu taratibu, kwa ile sauti yake ya kuhesabu vipimo vya nguo:

"Si wewe ndo mdogo? Mwajuma huniamkia mie. Wewe umemwamkia Mwajuma, tena kwa khiyari yako, na yeye kakuitikia. Umeona mwenyewe unapoangukia."

Nikasikia maji yanamiminwa.

Halafu Nakato naye akakumbuka kwamba kazaliwa kabla ya Njoki. Bisi zilizomwagika zikafagiliwa na mdogo. Taka zikapelekwa na mdogo. Mkate umekwisha, mdogo akashuka dukani. Karudi, Bi Saumu kakumbuka uzi mweupe, mdogo akashuka tena. Mchana huu mzima nimesikia neno mdogo likipita chini yangu kuliko nilivyolisikia tangu nije Dubai. Na Njoki hakuwa na pa kushika. Akisema yeye si mdogo wa mtu, Nakato anamwonyesha simu. Kumbe alipiga picha. Lile pande la nyama na salamu yangu juu yake, na ile shikamoo ya Njoki chini yake, vyote vimo.

Baadaye wenzetu walipokwenda jikoni, nikasikia ngazi inalia. Kichwa cha Njoki kikatokea usawa wa godoro langu.

"Dada, umelala?"

Nikasema nimelala.

"Chukua hiyo kitanda," akasema. "Chukua na pazia. Lakini uwaambie hiyo shikamoo ilikuwa ya game tu, haikuwa ya ukweli. Tufute hiyo maneno, maisha iendelee."

Nikageuka. Kwa pale juu ukichungulia unaona kitanda cha chini nusu, na pazia, na soketi. Nikawaza magoti. Nikamwaza binti yangu, nikawaza jambo moja lake la shule ambalo nimekuwa nikitaka kumuuliza na sikupata pa kumuulizia. Nawaambia ukweli, mdomo ulishafunguka kusema sawa. Kitanda kilikuwa changu. Nilichotakiwa kufanya ni kusema mbele ya watu kwamba hakuniamkia.

Nikamuuliza swali moja. Alipokuwa anaandika, alikuwa anatania?

Njoki akakuna ngazi kwa ukucha. "Nilitaka tu usimame," akasema. "Lakini uliponiuliza za kanisani, nikaskia vibaya. Hakuna mtu ameniuliza za kanisani tangu nitoke nyumbani."

Basi mimi na hasira zangu zote nikakosa pa kuziweka. Lakini msidhani nililegea. Hasira niliyokuwa nayo ikageuka tu upande, ikawa ya kunishikilia nisishuke. Mtu ameniamkia, nimemwitikia, naye kasikia kitu moyoni, halafu tuifute ili mimi nipate pazia? Mwajuma mimi? Binti wa Tanga? Nikakaa kitako (kichwa kikagonga dari, pa, nikajifanya sikuumia) nikamwambia:

"Njoki, kitanda ulishinda, kalale. Marahaba yangu siirudishi. Nilikuitikia kweli, na wewe ni mdogo wangu mpaka viza ziishe."

Alibaki ameshika ngazi hapo, kisha akateremka. Na alipofika chini nikamsikia anamwambia Nakato, ambaye alikuwa anamwita tena afuate sijui nini, kwamba yeye ni mdogo wa dada Mwajuma peke yake, wengine watafute wao. Nakato akaguna. Bi Saumu hakusema kitu, na Bi Saumu akinyamaza maana yake imepita.

Kwa hiyo hali ndiyo hiyo. Kitanda nimekosa. Pazia nimeshonesha mimi na anajifunika mwingine, yuko nyuma yake sasa hivi anaongea na watoto wake Kikikuyu, sielewi hata neno moja, na nadhani hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mimi niko juu, nundu kichwani, nawaandikia kwa simu ileile iliyoniponza, na binti yangu nitaongea naye hivihivi kila mtu akisikia, wakitaka kujua ya hisabati wajue.

Na msiniambie ningenyamaza tu nikamla. Nyamazeni nyie. Mimi kesho mtu akiniamkia mle porini nitasimama tena, niwe simba, niwe joka, mkia wote nimemwachia. Picha ya Nakato mtaiona, najua, keshaituma kwenye makundi mawili. Chekeni. Ila mlio wadogo zangu humu ndani, salamu kwanza.